Nakala Moja Ibaki Lamu

Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana wa Lamu kuhusu kuendesha seva ya nyumbani

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe wetu, maalim wetu, mama zangu, baba zangu, ndugu mliokuja kutoka Shela, Matondoni na Mokowe, na nyinyi vijana mliojaa kule nyuma: ahsanteni kwa kuitika wito. Nimeombwa nizungumze juu ya seva ya nyumbani. Nitatumia maneno tunayoyatumia kila siku, maana jambo hili ni la nyumba nzima, si la waliosomea kompyuta peke yao.

Nianze na lile lililonileta. Kila tunachokithamini ambacho sasa kimehamia kwenye simu na mitandao, yaani sauti za wazee wetu, picha za harusi, kasida, hati za nyumba na mashamba, nakala yake moja ni lazima ibaki Lamu. Ibaki ndani ya nyumba zetu, kwenye mashine ambayo mmoja wetu anajua kuiwasha, kuilinda na kuitengeneza. Simkatazi mtu kuweka vitu vyake mtandaoni. Mimi mwenyewe naweka. Ninachokipinga ni hii hali tuliyomo, ambapo nakala pekee iko mikononi mwa mtu tusiyemjua, ng'ambo, kwa masharti anayoyabadilisha apendapo.

Na masharti hubadilika kweli. Kwa miaka kadhaa Google Photos iliwaruhusu watu kupakia picha bila kikomo wala malipo. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 ruhusa hiyo ikaondolewa, kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure ambazo barua pepe nazo zinazigombania. Tangu Desemba 2023 akaunti binafsi iliyokaa miaka 2 bila kuguswa inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Hebu fikirieni akaunti ya marehemu, ambayo hakuna aliyebaki na nywila yake. Mwaka 2019 mtandao wa Myspace nao ulikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Wanamuziki wengi hawakuwa na nakala nyingine.

Hapa mjini tuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, mradi namba EAP466. Ilikuwa kazi njema, na waliohusika Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na kundi la wahalifu wa mtandaoni liitwalo Rhysida. Tovuti ikaanguka, na hata katalogi kuu haikurudi hadi Januari 2024, huduma nyingine zikachukua muda mrefu kuliko huo. Ikiwa taasisi yenye uwezo ule inaweza kuzimwa kwa miezi, basi mtu wa Lamu anayetaka kuona maandishi ya mji wake asiwe na mlango mmoja tu wa kuingilia, tena ulioko London.

Sasa seva ni nini? Ni kompyuta ya kawaida iliyopewa kazi ya kukaa macho usiku na mchana ikisubiri kuombwa kitu. Simu inaomba picha, inapewa. Televisheni inaomba video, inapewa. Zile kampuni kubwa zina maghala ya mashine za namna hiyo. Nyumba inahitaji moja, na mara nyingi mashine hiyo tayari mnayo: laptopu ya zamani iliyovunjika kioo, iliyowekwa juu ya kabati kwa sababu ni nzito kwa programu za leo. Ukiondoa mfumo endeshi wake na kuweka Debian, ambayo ni mfumo huria wa Linux usiolipiwa hata senti, laptopu ile inapata nguvu upya. Seva haihitaji kioo kizuri. Inahitaji diski isiyo na hitilafu, kumbukumbu ya kazi (RAM) ya gigabaiti 4 au 8, na waya wa kuiunganisha na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani.

Laptopu ina faida nyingine ambayo sisi watu wa pwani tunaielewa upesi: ina betri yake. Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima, mashine zisizo na betri zilizimika ghafla, na kuzimika ghafla ndiko kunakoharibu data. Nawaomba tu mwe macho na betri zenyewe. Laptopu iliyochomekwa mwaka mzima kwenye joto letu betri yake hufura. Ukiona kibao chake kimeinuka au haikai sawa mezani, izime, toa betri, usiitumie tena. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 60 au 80. Wekeni huo siku ya kwanza.

Asiye na laptopu anunue kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, zile ambazo ofisi huziondoa baada ya miaka michache, au Raspberry Pi, ile kompyuta ya ukubwa wa kiganja iliyoanza kuuzwa 2012. Raspberry Pi hutumia umeme kidogo mno hata sola ndogo huiweza, lakini msiiache ifanye kazi kwa kadi ya kumbukumbu peke yake. Kadi huchoka kwa kuandikwa kila saa na hufa bila kuaga. Iwekeeni diski ya SSD, ile isiyo na sehemu zinazozunguka ndani. Kuhusu gharama ya umeme, hesabu ni nyepesi: mashine inayokula wati 10 mfululizo inatumia yuniti 7.2 kwa siku 30. Pigeni wenyewe kwa bei ya tokeni zenu, mtaona ni pesa ndogo kuliko bando la wiki mbili la kijana mmoja.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu vya huko nje havitawaambia, kwa kuwa hayakuandikwa na watu wa visiwani.

La kwanza ni chumvi. Upepo wetu unabeba chumvi, na feni ya kompyuta huivuta chumvi hiyo ndani pamoja na vumbi. Ukifungua mashine iliyokaa dirishani panapoelekea bahari utaona miguu ya shaba imeota kutu ya kijani. Basi mashine isiyo na feni ndiyo bora kwetu, na mahali pake ni katikati ya nyumba, mbali na dirisha, juu ya rafu yenye hewa. Msiifungie ndani ya sanduku kwa kuiogopea vumbi, joto litaiua kabla ya chumvi. Kila baada ya muda ifungueni, mpige brashi kavu.

La pili ni kuta zetu. Ukuta wa matumbawe na chokaa una unene wa karibu nusu mita, nao hula mawimbi ya waifai. Ruta iliyoko daka la mbele haiwezi kufika ndani kule nyuma, hasa kwenye masafa ya gigahezi 5. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kidogo zaidi. Dawa yake ni waya. Waya wa mtandao wa kawaida hubeba data hadi mita 100 bila shida, na hakuna nyumba ya Mkomani yenye urefu huo. Lakini tafadhali, vijana, msitoboe plasta ya kale wala kupitisha waya juu ya vidaka vya nakshi. Mji huu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001 kwa ajili ya kuta hizo hizo. Pitisheni waya kwenye kiwanda, yaani ule uwanda wa ndani ya nyumba, uambatane na boriti upande wa juu, uingie chumbani kwa mlango. Hauonekani, na siku ya kuutoa hauachi kovu.

Mashine ikishakaa mahali pake, kijana ana hamu. Anasoma juu ya programu hii na ile, anataka kuweka ishirini kwa siku moja. Nawasihi anzeni na huduma moja, iendesheni mpaka muizoee, ndipo muongeze ya pili. Aliyejifunza huduma moja vizuri amejifunza kuingia kwenye seva akiwa mbali nayo, kusoma kumbukumbu za makosa, kujua diski imejaa kiasi gani, kusasisha programu, na kurudisha kilichoharibika. Hayo ndiyo yatakayombeba katika huduma zote zitakazofuata. Aliyeweka ishirini kwa kunakili amri asizozielewa, ya kwanza ikigoma amekwama.

Huduma ninayowapendekezea kuanza nayo ni Jellyfin. Ni programu huria iliyozaliwa 2018, na kazi yake ni kupanga video na sauti zilizomo kwenye diski yako na kuzicheza kwenye simu, televisheni au kompyuta yoyote ya nyumba. Ukishaiweka, fungua kivinjari kwenye simu na uandike anwani ya seva yako, tuseme 192.168.1.10, halafu nukta pacha, halafu 8096. Ukurasa unafunguka. Hapo ndipo wengi hupata furaha yao ya kwanza, kwa sababu wanagundua kwamba wanatazama bila bando. Data imetoka chumba cha pili ikapita kwenye waya na ruta ya nyumbani, haikugusa mnara wa simu. Februari 2024 nyaya za chini ya Bahari ya Shamu zilipokatika, kisha tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika kusini ya bara letu, intaneti ya Kenya na Tanzania ilidhoofika sana. Anayetazama kutoka seva ya nyumbani hapati shida hata kidogo siku kama hizo.

Na mtaweka nini humo? Mimi ningeanza na kaseti. Nyumba nyingi za Mkomani na Langoni zina sanduku la kaseti chini ya kitanda: kasida za Maulidi, mawaidha ya mashekhe waliotangulia mbele ya haki, nyimbo za harusi, na zile barua za sauti ambazo jamaa wa hapa na jamaa wa Uarabuni walikuwa wakitumiana. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku. Joto na unyevu wa pwani vinaula kila mwaka, na redio za kuuchezea zinakwisha. Hii ni kazi ya kufanywa sasa, wenye sauti zile wakiwa bado na watu wa kuzitambua.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Tafuta redio ya kaseti iliyo nzima. Safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Kabla ya kurekodi, zungusha kanda mbele mpaka mwisho, kisha irudishe mwanzo, ili utepe ulioshikamana kwa miaka uachane. Chomeka waya kwenye tundu la hedifoni, upande wa pili uingie kwenye kompyuta. Laptopu nyingi za siku hizi hazina tundu la kuingizia sauti, kwa hiyo utahitaji kidude cha USB cha kazi hiyo. Fungua programu ya Audacity, nayo ni ya bure. Cheza kidogo, utazame vipimo vya sauti: visigonge kileleni, maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki tena. Kisha iache kanda icheze yote kwa mwendo wake. Hakuna njia ya mkato. Kanda ya saa moja inachukua saa moja. Ukimaliza, hifadhi kwa muundo wa FLAC, ambao unapunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chochote katika sauti. Bila kubanwa, saa moja ya sauti ya ubora wa CD ni takriban megabaiti 635. Kwa hiyo diski ya terabaiti 1 ina nafasi ya zaidi ya saa 1,500 hata kama hujabana kitu, na ukitumia FLAC utapata nyingi zaidi. Sanduku la bibi litaingia lote na nafasi itabaki ya mtaa mzima.

Kisha fanya lile linalosahaulika: kaa na mzee, uicheze kanda mkisikiliza pamoja, uandike. Nani anasoma? Ni msikiti gani? Sauti ya dufu ni ya nani? Yule mtoto anayelia nyuma ni nani, naye sasa yuko wapi? Andika kwenye jina la faili na kwenye maelezo yake. Faili iitwayo "Sauti 047" haitamfaa mjukuu yeyote.

Mama zangu, hapa nataka niseme na nyinyi zaidi. Usiku wa kupamba mnajua tunavyolinda. Mlangoni kuna mama amekaa, kila aingiaye anaacha simu yake kwake. Ndani bibi harusi ameketi na hina mpaka viwikoni, asmini kichwani, na wanawake wote wamevua mabuibui. Mpiga picha ni mwanamke, tumemchagua wenyewe. Baada ya siku chache picha zile zote hutumwa kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni, na yeyote aliyetumiwa kiungo hicho hukifungua, awe shangazi au awe mwanamume asiyehusika. Ule ulinzi wa mlangoni umevunjika, na hakuna aliyeuvunja kwa makusudi.

Programu iitwayo Immich imetengenezwa kwa ajili ya picha. Iko kwenye seva yako, kila mtu wa nyumba ana akaunti na nywila yake, simu hupakia picha zenyewe zikifika kwenye waifai ya nyumbani. Bibi harusi anafungua albamu ya kupamba kwa mama yake na dada zake, basi. Ila nataka mjue jambo moja wazi. Mwenye kuendesha seva, akitaka, anaweza kuona kila kilichomo. Akaunti hazimzuii yeye. Kwa hiyo seva yenye picha za wanawake iendeshwe na mwanamke. Ndiyo sababu nasisitiza mabinti wafundishwe kazi hii sawa na wavulana, na mapema, wakiwa bado shuleni. Si suala la kuwapa kitu cha kujifurahisha. Tunawahitaji. Familia itakayokosa binti anayeiweza itabaki kumpa mgeni funguo za sitara yake.

Na kwa upande wa masomo, wazazi wa Faza, Kizingitini na Siyu, nyinyi mnanihuzunisha nikifikiria watoto wenu wanavyopanda juu ya paa kutafuta mtandao ili wasome ukurasa mmoja. Kuna programu iitwayo Kiwix, iliyoanza 2007. Inaiweka Wikipedia nzima ndani ya faili moja inayosomwa bila intaneti. Wikipedia ya Kiingereza na picha zake ni zaidi ya gigabaiti 100. Ya Kiswahili ni ndogo sana kuliko hiyo. Mtu mmoja anaishusha Mombasa kwenye mtandao wa kasi, anaileta kwa diski, na Raspberry Pi moja darasani inawahudumia wanafunzi kwa waifai yake yenyewe. Gharama yake ni ya mara moja.

Baadhi yenu mtauliza: nikiwa Mombasa au Jidda nitaifikiaje seva iliyoko Lamu? Hapa pana kikwazo. Kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje ya kushirikiana. Angalia kwenye ruta: ukikuta anwani inayoanza na 100, na namba ya pili ikiwa kati ya 64 na 127, ujue nyumba yako haina anwani ya peke yake, na mtu wa nje hawezi kukugongea moja kwa moja. Njia nzuri ni WireGuard, ambayo hujenga njia ya siri kati ya simu yako na seva, kila kitu kikiwa kimesimbwa, yaani hakisomeki kwa asiye na ufunguo. Imo ndani ya Linux yenyewe tangu Machi 2020. Kwa anayeanza, Tailscale imejengwa juu ya WireGuard na huvuka kikwazo hicho cha anwani kwa dakika chache. Msifungue seva kwa dunia nzima ili tu muifikie kwa urahisi. Kuna mashine huko nje zinazozunguka kila dakika zikijaribu kila anwani na nywila za kiwandani. Nywila ya ruta ibadilishwe leo hii, na masasisho ya usalama yawekwe yajiendeshe yenyewe.

Nimefika kwenye sehemu iliyo nzito kuliko zote. Kuweka programu ni kazi ya jioni moja. Kutunza ni kazi ya maisha, na utunzaji ni nakala rudufu. Kuna watu hununua diski mbili, wakazifunga zifanye kazi pamoja zikiwa na data ile ile, wakadhani wamemaliza. Hizo ni mashua mbili zilizofungwa kamba moja: mwamba ukizipata, zinazama zote. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, imefutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akichukua mashine, amechukua zote.

Kanuni inayofuatwa na watu wa kazi hii ni tatu, mbili, moja: nakala 3 za kila kitu, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine kabisa. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala humo humo tu walipoteza kila kitu. Mji wetu nyumba zimebanana, na Shela kuna mapaa ya makuti. Nakala ya pili isikae chumba kile kile na ya kwanza.

Nakala ya mbali iende wapi? Kwa ndugu yako Malindi. Fanyeni hesabu nami. Kupandisha terabaiti 1 kwa mtandao wenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kunachukua zaidi ya siku 9 bila kukatika hata mara moja. Diski hiyo hiyo, ikifungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, ikapanda motaboti mpaka Mokowe na basi la asubuhi, inalala Malindi siku hiyo hiyo. Baada ya hapo mtandao una kazi ya kupeleka mabadiliko madogo ya kila usiku tu. Programu za Restic na BorgBackup hufanya hivyo, tena husimba data kabla haijatoka nyumbani, hata huyo ndugu yako aliyeihifadhi hawezi kuisoma. Nywila ya kusimbua iandikwe kwenye karatasi na iwekwe pamoja na hati za nyumba, kwa sababu ikipotea, data imepotea.

Na nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Chagua siku, chukua diski ya nakala, jaribu kufungua picha kumi na kanda mbili kutoka humo kwenye mashine nyingine. Zikifunguka, umehifadhi. Immich yenyewe ilikaa miaka ikiwaonya watumiaji wake wasiifanye hifadhi pekee ya picha zao. Nawaheshimu waliotengeneza programu wakaandika onyo la namna hiyo kwenye ukurasa wao wa kwanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nalisema hili kwa maana yake hasa: nunueni daftari la karatasi. Andikeni mashine iko wapi, diski gani ina nini, amri mlizotumia, tarehe ya kila badiliko. Atakayeendesha seva hiyo baada yenu hatakuwa na simu yenu wala kichwa chenu. Wanaotumia Docker, programu inayoiweka kila huduma ndani ya kasha lake, wana nafuu, kwani kila huduma inaelezwa kwenye faili fupi la maandishi. Ukiwa na faili hilo na folda ya data, unaijenga upya kwenye mashine nyingine kabla ya adhuhuri. Lakini faili hilo nalo liwe na nakala.

Kuhusu haki, nitasema kwa ufupi. Seva yako si kibali cha kunyang'anya kazi za watu. Waimbaji na waandishi wetu wa pwani wameibiwa vya kutosha. Kaseti ya familia ni ya familia. Kazi ya msanii aliye hai nunua, na ukitaka kuisambaza, muombe ruhusa. Picha za watu wengine nazo zina sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Linalobaki ni nani afundishe. Maelekezo ya programu hizi karibu yote ni ya Kiingereza, na kijana aliyeacha shule darasa la nane lakini anafungua injini ya motaboti na kuifunga usiku akiwa na tochi mdomoni, huyo anaiweza kazi hii kabisa. Kinachomzuia ni lugha. Kwa hivyo tumeanza kuandika maelekezo yetu kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, na picha za skrini, yakihusu mashine tulizo nazo hapa na shida tulizo nazo hapa. Tunahitaji walimu wa shule watusaidie kusahihisha, na tunahitaji maalim watukubalie chumba kimoja cha madrasa jioni za wikendi, wasichana siku yao na wavulana siku yao.

Walio na laptopu mbovu majumbani wazilete hapa kesho baada ya alasiri, hata zisizowaka. Tutatoa diski na kumbukumbu kutoka moja tutie nyingine. Walio na kaseti wasizilete zote. Leteni moja moja, aliyeirekodi au anayeijua aje nayo, na tutairekodi mbele yenu mrudi nayo nyumbani. Watakaobaki sasa hivi, tuna mashine moja mezani na Debian kwenye flashi, na kijana wa kwanza atakayesogea ndiye atakayeiweka.

Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.